Ukalvini na mambo ya utawala: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Lubumbashi

Maswali haya kuhusu Ukalvini, yaani njia ya Ukristo iliyotokana na mafundisho ya Jean Calvin, ambayo sisi Wapresbiteri tunaifuata, yamekusanywa katika darasa la watu wazima linalofanyika Jumapili alasiri, baada ya ibada, katika parokia moja ya Kipresbiteri ya komini ya Katuba. Wanaouliza ni vijana wa chuo kikuu wanaosomea sheria, akina mama wa umoja wa wanawake, wazee wa kanisa ambao baba zao walikuja kwa treni kutoka Kasai kufanya kazi Union Minière, kampuni ya migodi, na majirani Wakatoliki na Wamethodisti wanaopita kusikiliza. Nimeyajibu kwa mdomo kwa miaka mingi. Sasa nayaandika, kwa sababu nimeona kwamba majibu mafupi ya mdomoni huzaa kutoelewana, hasa uchaguzi unapokaribia.

Calvin alikuwa nani, na mtu wa dini aliingiaje katika mambo ya Leta, yaani serikali?

Jean Calvin alizaliwa mwaka 1509 katika mji wa Noyon, kaskazini mwa Ufaransa, na kabla ya kuwa mhubiri alisomea sheria Orléans na Bourges. Elimu hiyo ya sheria haikumtoka kamwe. Kitabu chake kikuu kuhusu mafundisho ya dini ya Kikristo kilichapwa kwa mara ya kwanza Basel mwaka 1536, naye akaendelea kukipanua hadi toleo la Kilatini la mwaka 1559. Kinaanza kwa barua kwa Mfalme François wa Kwanza wa Ufaransa, ambayo ndani yake mwandishi, aliyekuwa mkimbizi, anamsihi mfalme awasikilize waumini wanaoteswa kabla ya kuwahukumu. Na kinamalizika kwa sura inayohusu utawala wa nchi. Kwa hiyo anayesema kwamba siasa ililetwa katika Ukalvini na wafuasi wa baadaye hajafungua kitabu chenyewe, wala ukurasa wa kwanza wala wa mwisho.

Je, ni kweli kwamba Calvin alikuwa mtawala wa Genève?

Hapana, ingawa wengi husema hivyo. Mji ule, ulio katika Uswisi ya leo, ulitawaliwa na mabaraza ya raia, na mabaraza hayo yalimfukuza mwaka 1538, yakamwita arudi mwaka 1541. Alipewa haki za uraia wa mji mwaka 1559 tu, miaka mitano kabla ya kifo chake. Nguvu yake ilikuwa katika mahubiri, katika uandishi wa kanuni za kanisa za mwaka 1541, na katika konsistwari, yaani kikao cha wachungaji pamoja na wazee 12 waliotolewa katika mabaraza ya mji, kilichokutana kila juma kusikiliza mambo ya ugomvi wa ndoa, ulevi, deni na matusi.

Lakini jibu hili lisigeuke kuwa njia ya kumwosha. Tarehe 27 Oktoba 1553 daktari Mhispania aitwaye Michel Servet alichomwa moto akiwa hai nje ya mji, kwa kosa la kukana fundisho la Utatu. Hukumu ilitolewa na baraza la mji, lakini mashtaka yalianzia kwa Calvin, naye aliitetea hukumu hiyo kwa maandishi, ingawa alikuwa ameomba aina ya kifo ibadilishwe. Sébastien Castellion, ambaye zamani alikuwa mwalimu mkuu wa shule ya Genève, alijibu kwamba kumwua mtu si kutetea fundisho, bali ni kumwua mtu. Katika darasa letu tunasoma maneno ya Castellion kila mwaka, na naona ni haki kusema wazi kwamba katika jambo hilo yeye alikuwa na ukweli na Calvin alikosa.

Kama Mungu ameshachagua yote tangu awali, kuna haja gani ya kupiga kura au kumkosoa kiongozi?

Swali hili huulizwa na watu waliokata tamaa, kwa hiyo nalijibu kwa upole. Fundisho la kuchaguliwa tangu awali linahusu wokovu: kwamba mtu haokolewi kwa ukoo wake, cheo chake wala sadaka yake, bali kwa neema ya Mungu peke yake. Halikuwahi kumaanisha kwamba gavana fulani amepakwa mafuta kutoka mbinguni na hapaswi kuulizwa fedha za barabara zimekwenda wapi. Historia yenyewe inashuhudia kinyume cha uvivu huo, maana waliolishika fundisho hili kwa nguvu zaidi ndio waliopigana na wafalme, wakaanzisha shule, wakaandika katiba na kuvuka bahari. Mtu asiyeogopa hukumu ya mwisho kwa kuwa ameiacha mikononi mwa Mungu, haogopi sana hukumu ya bwana mkubwa wa hapa chini.

Biblia inasema, "Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu." Je, Ukalvini unaruhusu kumpinga mtawala?

Hili ndilo swali lenye historia ndefu kuliko yote, na linahitaji subira.

Calvin mwenyewe alikuwa mwoga wa fujo. Aliandika kwamba mtu binafsi hana ruhusa ya kuchukua silaha dhidi ya mtawala, hata akiwa dhalimu. Kazi yake ni kuomba, kuvumilia, na kukataa kutenda dhambi akiamriwa. Ila katika kurasa za mwisho aliacha mlango wazi. Alisema kwamba kama katika nchi kuna viongozi waliowekwa kwa ajili ya kuzuia ukaidi wa wafalme, kama walivyokuwa wale wa Sparta na Roma ya kale, na kama pengine yalivyo mabaraza ya nchi katika falme za wakati wake, basi viongozi hao wakinyamaza mfalme anapowakanyaga wanyonge, wanaisaliti kazi ambayo Mungu amewapa. Kisha akamaliza kwa maneno ya Matendo ya Mitume: "Imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu."

Waliokuja baada yake walipitia mlango huo kwa sababu ya damu. Kuanzia tarehe 24 Agosti 1572, sikukuu ya Mtakatifu Bartolomayo, Wakalvini wa Ufaransa waliuawa kwa maelfu Paris na katika miji mingine. Mwaka 1573 mwanasheria François Hotman alichapisha kitabu kilichodai kwamba wafalme wa Ufaransa wa kale walichaguliwa na kuondolewa na mabaraza ya watu. Mwaka 1574 Théodore de Bèze, mrithi wa Calvin Genève, aliandika juu ya haki ya viongozi wa chini kumzuia mfalme dhalimu. Hoja yao ilikuwa ya agano: mfalme amefungwa kwa Mungu na kwa watu, na anayelivunja agano amepoteza haki ya kudai utii.

Mwaka 1581 wawakilishi wa majimbo ya Uholanzi walitangaza kwamba Mfalme Felipe wa Pili wa Hispania si mtawala wao tena, wakieleza kwamba raia hawakuumbwa kwa ajili ya mfalme, bali mfalme amewekwa kwa ajili ya raia, kama mchungaji kwa kondoo wake. Mwaka 1644 Mskoti Samuel Rutherford aliandika kwamba sheria iko juu ya mfalme. Kitabu chake kilichomwa moto kwa amri ya serikali baada ya ufalme, uliokuwa umeondolewa kwa muda, kurudi.

Wanafunzi wa sheria hukimbilia hapo kunikumbusha kifungu cha 64 cha katiba yetu ya mwaka 2006, kinachompa kila Mkongomani wajibu wa kumzuia yeyote anayetwaa madaraka kwa nguvu au kuyatumia kinyume cha katiba. Sidai kwamba kifungu hicho kilitoka Genève. Nasema tu kwamba mtu aliyesoma Bèze anakielewa upesi, na pia anaona tofauti: Wakalvini wa kale waliweka kazi hiyo mikononi mwa viongozi halali, kwa kuogopa kwamba kila mwenye bunduki angejiita mkombozi. Katika nchi iliyoona vikundi vingi vya silaha vikijipa majina mazuri, hofu hiyo naiheshimu.

Je, demokrasia ilizaliwa na Ukalvini?

Peke yake, hapana. Wagiriki, Warumi, miji ya Italia, sheria za Kanisa la zama za kati na mabaraza ya wazee ya Afrika yalijua kushauriana kabla Calvin hajazaliwa. Ila naamini Ukalvini ulileta zoezi la kila juma, na zoezi hufundisha kuliko nadharia. Mfumo wa kanisa letu hauna askofu. Una wazee waliochaguliwa na waumini, kisha presbiteri inayokusanya parokia, kisha sinodi, yaani baraza lililo juu ya presbiteri. Na mchungaji katika kikao ana kura moja kama mzee yeyote.

Nitaeleza jinsi inavyoonekana. Jumamosi jioni wazee wanakaa kwenye meza ya mbao nyuma ya kanisa, taa ya sola imening'inizwa kwenye msumari, daftari la sadaka liko katikati. Mama mmoja muuza unga, ambaye ni mzee wa kanisa kwa kipindi cha pili, anasoma hesabu kwa sauti, mstari kwa mstari. Ikifika zamu ya kuzungumzia posho ya mchungaji na malalamiko juu yake, mchungaji anasimama mwenyewe, anatoka nje, anakaa chini ya mwembe mpaka aitwe. Hakuna anayemfukuza wala anayeona ni aibu. Mtoto anayemwona mchungaji wake akisubiri chini ya mwembe huku wengine wakimjadili kwa haki, amejifunza jambo kuhusu utawala ambalo hotuba za mkutano wa hadhara hazimfundishi.

Zoezi hilo lilivuka bahari. John Witherspoon, mchungaji wa Kipresbiteri kutoka Uskoti, ndiye mchungaji pekee aliyekuwa kazini kati ya waliotia sahihi tangazo la uhuru wa Marekani mwaka 1776. Lakini koloni la Massachusetts, lililoanzishwa na Wakalvini, ndilo lililomfukuza Roger Williams kwa sababu alisema serikali haina haki juu ya dhamiri. Yeye akaenda kuanzisha makazi ya Providence mwaka 1636, watu wa imani zote wakapata pa kukaa. Williams naye alikuwa Mkalvini. Kwa hiyo wanaosifu na wanaolaumu wote wana ushahidi.

Na ubepari? Tulisoma kwamba Wakalvini ndio walioanzisha utajiri wa Ulaya.

Hayo ni mawazo ya Max Weber, Mjerumani, aliyeyachapisha mwaka 1904 na 1905, na wanahistoria wanayapinga hadi leo. Weber hakusema Calvin aliutaka utajiri. Alisema kwamba watu wa vizazi vya baadaye, wakitafuta alama ya kuchaguliwa kwao, walifanya kazi kwa bidii, wakakataa anasa, na fedha ikabaki mkononi. Anayehubiri hapa mjini kwamba imani italeta gari jipya asimtaje Calvin kama shahidi wake.

Majirani zetu wa Zambia wametangaza nchi yao kuwa taifa la Kikristo. Je, ndivyo Ukalvini unavyofundisha?

Tangazo lile lilitolewa na Rais Frederick Chiluba mwezi Desemba 1991, na kwa kuwa watu wetu huvuka mpaka wa Kasumbalesa kila siku, swali hili halikosekani. Wakalvini wenyewe wamebadilika juu ya jambo hili, na mabadiliko hayo yana somo.

Ungamo la imani lililoandikwa na Guy de Brès, mzaliwa wa Mons katika Ubelgiji ya leo, lilitupwa juu ya ukuta wa ngome ya Tournai mwaka 1561, likiwa limefungwa pamoja na barua kwa watawala, ili wajue kwamba Wakalvini si waasi. Mwandishi wake alinyongwa mwaka 1567. Hata hivyo kifungu cha 36 cha ungamo hilo hilo kilisema kwamba serikali ina kazi ya kuondoa ibada za uongo. Mtu aliyewindwa kwa ajili ya imani yake alikuwa bado anaamini kwamba upanga wa serikali ulinde imani moja. Tatizo kwake lilikuwa kwamba ulilinda isiyo sahihi. Ilichukua muda mrefu kuona kosa hilo. Wapresbiteri wa Marekani walirekebisha ungamo lao mwaka 1788, wakaiondolea serikali mamlaka juu ya mafundisho ya kanisa, na mwaka 1905 sinodi ya makanisa ya Matengenezo (ndivyo makanisa mengi ya Kikalvini yanavyoitwa) ya Uholanzi iliyafuta maneno makali ya kifungu cha 36. Kwa maoni yangu, kifungu cha kwanza cha katiba yetu, kinachosema Leta haina dini, kinalilinda kanisa kuliko kulidhoofisha.

Shule zetu za konvansione, yaani shule za serikali zinazosimamiwa na makanisa, zina uhusiano wowote na mawazo ya Kikalvini?

Si kwa asili yake, bali kwa hoja. Abraham Kuyper, mchungaji aliyekuwa waziri mkuu wa Uholanzi kuanzia 1901 hadi 1905, alifundisha kwamba familia, shule, kanisa, kazi na serikali kila kimoja kimepewa na Mungu mamlaka yake, na kwamba serikali ni mlinzi wa haki kati yao, si mwenye mali. Alianzisha chama mwaka 1879 na chuo kikuu kilichokuwa huru mbele ya serikali na mbele ya kanisa mwaka 1880. Mwaka 1917 Uholanzi ilikubali katika katiba kwamba shule za dini na shule za serikali zilipwe sawa kutoka hazina ya umma.

Hapa kwetu, baada ya shule za makanisa kutaifishwa mwaka 1974, mapatano ya tarehe 26 Februari 1977 yaliyarudishia makanisa usimamizi, huku serikali ikibaki na programu ya masomo na mishahara ya walimu. Kuyper angeliona jambo hilo kuwa la haki. Lakini angeuliza pia kama mwalimu analipwa kweli, na kama mzazi ana sauti ndani ya shule au anaitwa tu siku ya kutoa fedha.

Je, si Wakalvini waliobariki ubaguzi wa rangi Afrika ya Kusini?

Ndiyo. Familia nyingi za hapa zina mtoto Johannesburg, na swali hili huja na uchungu.

Mwaka 1857 sinodi ya Kanisa la Matengenezo la Kidachi huko Cape ilikiri kwamba kwa Maandiko waumini wote wanapaswa kuabudu pamoja, kisha ikaruhusu watengane kwa sababu ya "udhaifu wa baadhi ya watu". Udhaifu ule uligeuzwa kuwa desturi, desturi ikageuzwa kuwa fundisho, na fundisho likawa sheria ya nchi baada ya 1948, chini ya Daniel François Malan, ambaye kabla ya siasa alikuwa mchungaji wa kanisa hilo. Walichukua wazo la Kuyper la mamlaka ya kila eneo la maisha, wakaongeza mbari kuwa moja ya maeneo hayo, na wazo la taifa teule wakalivika ngozi nyeupe.

Waliolibomoa jengo hilo kwa hoja za kiroho walikuwa Wakalvini pia. Beyers Naudé, mchungaji Mwafrikana, aliacha mimbari yake mwaka 1963 ili aongoze taasisi ya Kikristo iliyopinga ubaguzi. Mwaka 1977 serikali ilimwekea marufuku ya kusema hadharani na kukutana na watu, iliyodumu miaka 7. Mwaka 1982, mjini Ottawa, Muungano wa Makanisa ya Matengenezo Duniani ulitamka kwamba kuutetea ubaguzi kwa theolojia ni uzushi, ukasimamisha uanachama wa makanisa mawili ya wazungu, na kumchagua Allan Boesak kuwa rais wake. Mwaka huohuo kanisa la Machotara liliandika rasimu ya Ungamo la Belhar, lililopitishwa mwaka 1986, linalosema kwamba Mungu yu upande wa wahitaji, maskini na waliodhulumiwa.

Sisi wa Katanga tusisome habari hizi kama za watu wa mbali. Mwaka 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa katika miji ya migodi, na waliobatizwa kwa jina moja walikuwa pande zote mbili.

Imani hii ilifikaje Kongo, na ilifanya nini mbele ya Leta ya wakati ule?

Ajabu ni kwamba haikuletwa na Wabelgiji. Antwerp ulikuwa mji wa Wakalvini wengi, lakini jeshi la Hispania liliuteka mwaka 1585, wengi wakakimbilia Uholanzi, na nchi iliyokuja kuitwa Ubelgiji ikabaki ya Kikatoliki. Walioleta Upresbiteri ni Wamarekani: Samuel Lapsley, mzungu, na William Sheppard, mtu mweusi kutoka Virginia, waliofika Luebo, Kasai, mwaka 1891. Lapsley alikufa mwaka uliofuata.

Kanisa lililowatuma lilikuwa la Kusini mwa Marekani, lililojitenga mwaka 1861, na wakuu wake walikuwa wamefundisha kwamba kanisa ni la kiroho tu na halina neno juu ya mambo ya serikali. Fundisho hilo lilikuwa limewafaa sana wenye watumwa. Sasa tazama kilichotokea. Mwaka 1899 Sheppard alitumwa na misheni kuchunguza habari za mauaji yaliyofanywa na Wazappo Zap, askari waliotumiwa na Leta ya Mfalme Léopold wa Pili wa Ubelgiji kukusanya kodi. Katika kambi yao alioneshwa mikono ya kuume iliyokatwa, ikikaushwa juu ya moto ili ipelekwe kwa wakubwa kama ushahidi wa kazi. Aliihesabu. Ilikuwa 81.

Mwaka 1908 aliandika, katika jarida la misheni, jinsi kampuni ya mpira ya Kasai ilivyowaangamiza watu wa Kuba waliokuwa na nyumba nzuri na mashamba. Kampuni ikamshtaki yeye pamoja na mwenzake William Morrison kwa kuichafulia jina. Kesi ilisikilizwa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1909. Aliyewatetea bila malipo alikuwa Émile Vandervelde, kiongozi wa wasoshalisti wa Ubelgiji, ambaye hakuwa mtu wa kanisa. Morrison aliondolewa kwenye kesi, na Sheppard akaachiwa huru. Kuna babu wa parokia yetu, mzaliwa wa upande wa Luebo, ambaye kila tunapofika hapo huinua mkono wake wa kuume, anautazama, kisha anaurudisha gotini bila kusema.

Mchungaji anaweza kutuambia tumpigie nani kura?

Hapana. Anaweza, na anapaswa, kusema kwamba kununua kura ni wizi, kwamba kumchukia mtu kwa kabila lake ni dhambi, na kwamba hesabu za kura zisomwe hadharani. Katika parokia yetu mzee wa kanisa anayegombea kiti cha siasa huacha kazi ya uzee wa kanisa kwa muda huo, na kampeni haitangazwi kanisani, hata kama mgombea ametoa mabati.

Kunyamaza kabisa nako si utii. Kamuzu Banda wa Malawi alikuwa mzee wa Kanisa la Uskoti kabla ya kuwa rais, na Wapresbiteri wa nchi yake walikaa kimya miaka mingi kwa sababu alikuwa wao. Maaskofu Wakatoliki ndio waliotangulia kusema, mwezi Machi 1992; Wapresbiteri walifuata mwezi Juni, na mwaka 1993 wananchi walichagua vyama vingi. Ni vizuri kwamba walifuata. Ingekuwa vizuri zaidi wasingesubiri.

Nianze kusoma wapi?

Anza na sura ya 8 ya kitabu cha kwanza cha Samweli, taratibu, ukihesabu vitu ambavyo mfalme atachukua: wana, mabinti, mashamba, sehemu ya kumi ya mbegu. Kisha Warumi 13, kisha Matendo 5, kisha kifungu cha 64 cha katiba. Sisi huvisoma vyote katika alasiri moja, kuanzia saa tisa. Njoo na kalamu, na kama unayo katiba iliyochapwa, njoo nayo, maana ya kwetu ni moja tu na wasomaji ni wengi.